Salamu za Mwisho wa Mbio

Wenzangu wanapozungumza mbio za langalanga za zamani, mie husema sana mpaka wafike kwenye kaseti ya mwisho ya kaka yangu. Hapo nnainuka. Nnasema nnakwenda kuangalia jiko, au nnakwenda kuswali, hata kama nshaswali. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka thelathini na hakuna aliyenishika, kwani mtu akisema anakwenda kuswali nani atamfuata kumhoji? Astaghfirullah. Nnaandika sasa kwa kuwa jambo limeshatoka, na mwenye haki ya kulijua ameshalijua. Msinihurumie, someni tu.

Sisi ni watu wazima wanne. Mmoja ni fundi wa magari, gereji yake iko Mwanakwerekwe nyuma ya soko. Wa pili ni mshoni wa kanzu na suti, duka lake haliko mbali na langu. Wa tatu alikuwa mpishi wa hoteli kule Kendwa, sasa amestaafu na kazi yake ni kutusumbua kwa simu. Wa nne ni mie, nnauza vifaa vya umeme karibu na Darajani, waya, swichi, feni na vikorokoro vyengine. Kila Jumapili baada ya alasiri tunakutana ukumbini kwetu Kiponda, tunakunywa kahawa na tunalaumu.

Tunalaumu langalanga ya leo. Nnayasema yale magari marefu ya mtu mmoja, magurudumu yako nje na dereva kalala ndani kabakisha kichwa. Fundi anasema siku hizi yanavuma kama friji. Mshoni anasema usukani una vitufe kuliko rimoti, dereva amekuwa karani. Mpishi, ambaye alikuwa akiziona mbio mpya kwenye televisheni ya hotelini, anaapa kuwa wageni walikuwa wakisinzia huku wanaangalia. Kisha tunarudi kwetu, kwenye miaka ile ya mwisho wa themanini, dereva mkono mmoja kwenye usukani na mwengine kwenye gia, viganja vimejaa malengelenge, injini inalia mpaka unaihisi kwenye meno, gari inaripuka moshi na mtu anaishusha kilima hivyo hivyo. Tunatikisa vichwa na kusema wale ndio waliokuwa madereva. Ukitusikia utadhani tulikuwepo.

Hatukuwepo, wala hatukuziona. Hiyo ni aibu yetu ya pamoja na ni ndogo, naitaja ili muelewe ile kubwa. Televisheni ya hapa wakati ule ilikuwa haituonyeshi mbio hizo. Sisi tulizisikia tu, kwa sauti ya mtu mmoja, kaka yangu.

Kaka alinipita miaka saba. Alikwenda Dubai kupiga rangi magari katika gereji, na pale alipokaa na wenzake walikuwa na televisheni. Jumapili zenye mbio alikuwa akipunguza sauti ya ile televisheni kidogo, sio yote, ili injini zisikike kwa nyuma, anabonyeza redio yake irikodi, na anatutangazia kwa Kiswahili chetu hiki. Miaka ile watu wengi hapa walikuwa wakiandikiana kwa kaseti. Mama asiyejua kusoma anampata mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, hana haja ya kumwita jirani amsomee barua na kuzijua siri zake. Kaka alichoongeza yeye ni mbio. Kwanza mbio, halafu salamu.

Na alikuwa mjanja. Alijua hatuvijui viwanja vya Ulaya, kwa hivyo alivijenga upya kwa vichochoro vya hapa. Ile sehemu iliyonyooka aliiita Mnazimmoja. Kona nyembamba ya kushuka aliiita Mkunazini. Ile ya kupinda na kupinda tena ilikuwa Sokomuhogo. Madereva nao hakuwataja majina, aliwabandika ya kwake. Mmoja alikuwa Bwana Harusi, kwa sababu gari yake ilikuwa haichafuki na hakuwa mtu wa pupa. Mpinzani wake alikuwa Chizi. "Haya, wanaingia Mkunazini," alikuwa akisema, "na Mkunazini mnaijua, hapapiti wawili. Chizi anachungulia kulia. Hola. Anachungulia kushoto. Huyo huyo, anakwangua ukuta!" Tulikuwa tumekaa barazani watu kumi na zaidi, na kila mmoja alikuwa akiuona ule ukuta, na anajua ni ukuta wa nyumba ya nani.

Siku za karibuni mpishi alituonyesha kwenye simu picha za mbio zile zile za zamani. Tukasogeza vichwa vinne kwenye kioo kidogo. Lo, Mkunazini ya kaka ni barabara pana, ina nyasi pembeni na miti, lori mbili zinapishana. Mshoni akasema, "Zima bwana. Siyo hiyo." Akazima, na mpaka leo hakuna aliyemwomba atuonyeshe tena.

Sasa nije kwenye salamu. Mbio zikimalizika kaka alikuwa akipumua kidogo, anakunywa maji, unayasikia yanavyoshuka kooni, halafu anaanza. Shikamoo mama. Kisha khabari zake, afya yake, kazi, nini amekula, nani amekutana naye wa kutoka kwetu. Kisha anawapa salamu watu mmoja mmoja mpaka kaseti iishe au pumzi imwishe. Nyumbani tulikuwa na desturi. Kaseti ikija, mama kwanza. Nilikuwa nikiipeleka chumbani kwake, naipitisha mbio mbele mbele mpaka zilipo salamu, naiacha icheze. Mama alikuwa akimjibu. Akisikia shikamoo anasema marahaba mwanangu, akisikia nimekula samaki anasema alhamdulillahi. Akimaliza ndiyo naichukua barazani.

Barazani hawakuzitaka salamu. Nisiwasingizie, hata mie sikuzitaka. Mbio zikimalizika na sauti ikianza "shikamoo mama", mtu wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mie, narudisha mwanzo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nna redio ya kaseti mbili, na kwa sababu ya redio ile nilikuwa mtu mbele ya watu. Kila mtu alitaka nakala. Kaseti tupu zilikuwa tabu kupatikana, kwa hivyo mama akishasikia salamu zake nilikuwa nikizifuta na kuweka mbio nyengine mahali pake. Mama alikuwa akijua na hakunikataza. Alikuwa akisema, "Futa tu, atatuma nyengine." Na kweli nyengine ilikuwa ikija.

Mwaka ule wa mwisho kaka akaoa huko huko bila ya kumwambia mama. Mama hakuambiwa na mtu wake, alisikia kwenye harusi ya watu, mbele ya wanawake wenziwe, kutoka kwa bibi mmoja aliyerudi safari ambaye alidhani anampa pongezi. Mama alirudi nyumbani akakaa kitandani na buibui lake hajalivua. Kesho yake aliniita nilete redio, niweke kaseti. Akasema maneno machache tu. Alisema, mwanangu, umenivunjia heshima, na mie sitakuwa na la kusema na wewe mpaka uniombe radhi kwa kinywa chako nikusikie. Basi. Mie ndiye niliyebonyeza, mie ndiye niliyeifunga ile kaseti kwa karatasi na kumpa msafiri. Kwa hivyo nilikuwa nnajua mama anangojea nini. Mtu asije akanitetea kuwa sikujua.

Kaseti ya kaka ilikuja Jumamosi moja. Mama alikuwa Uroa, amekwenda kumuuguza dada yake. Aliyeileta aliniletea dukani nilipokuwa nimeajiriwa, na kabla sijafika nyumbani baraza nzima ilishajua. Zilikuwa mbio za kufunga mwaka, Bwana Harusi na Chizi wamekaribiana, atakayetangulia ndiye bingwa. Wakaniambia weka. Nikasema mama kwanza. Nilisema, haki ya Mungu nilisema, lakini nilisema kama mtu anayeomba alazimishwe. Mmoja akasema mama'ko yuko Uroa atarudi Jumanne, mbio zitaoza. Wakacheka, na mie nikacheka, nikaweka.

Sijapata kusikia mbio kama zile. Kaka alipotewa na sauti katikati. Gari ya Bwana Harusi ilivunjika kitu, gia zikabakia moja, na aliizungusha hivyo hivyo mpaka mwisho, na Chizi nyuma yake mgongoni, Mnazimmoja yote, Mkunazini yote. Mbio zilijaza upande wa kwanza zikaingia wa pili. Bwana Harusi alipovuka mstari watu walisimama wakakumbatiana mtaani, na wanawake wakachungulia madirishani kuuliza nani kaja. Mie nilibonyeza kuzima kama ilivyo mazoea. Mama kwanza, nikajiambia, salamu hizi ni zake, sitazisikiliza kabla yake. Nilijiona mwema.

Baada ya magharibi nikakaa kutoa nakala. Redio ile ilikuwa na kitufe cha kunakili mbio mbio, sauti inakuwa vifaranga tupu. Nikanakili mbio. Kisha nikapata fikra, na fikra hii ndiyo iliyonila miaka yote. Nilikuwa nna kaseti ya mbio za kabla yake, ambazo Chizi ndiye aliyeshinda. Nikaona jinsi itakavyokuwa raha, watu wakae kesho wasikilize moja, na ikiisha tu kifuate kipande cha mwisho cha ya pili, wote wawili kwenye kaseti moja, ile ya asili yenye sauti safi. Mahali pa kuweka palikuwa upande wa pili, pale penye salamu. Kaseti nyengine sikuwa nayo. Sikusahau. Nikisema nilisahau nitakuwa nnaongeza uongo juu ya uongo. Nilijiambia salamu ni zile zile, shikamoo mama, nimekula samaki, mpeni salamu fulani. Nikajiambia kama ameomba radhi ataomba tena, kaseti nyengine itakuja. Nikabonyeza. Na kwa kuwa nilikuwa na njaa nilikwenda kula huku inajirikodi.

Watu waliipenda mno. Jumapili nzima walinisifu, na sifa zile nilizila vizuri sana.

Jumanne mama akarudi. Hakuvua hata viatu vizuri, akauliza, "Nimesikia kaseti imekuja."

"Naam, mama."

"Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema kweli pale angelia, angenitukana, angerikodi maneno kumwambia kaka arudie, na kaka angerudia. Badala yake nikamwambia, "Safari hii kaseti ilimalizikia kwenye mbio. Hakuwahi salamu."

"Hakuwahi?"

"Zilikuwa mbio ndefu."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo, mama."

Akasema, "Aa." Akaingia chumbani. Siku kumi na tano baadaye simu ikapigwa nyumba ya jirani, kaka ameanguka gereji, moyo umesimama, ameshazikwa. Mama alilia kilio cha kawaida cha mama, watu wakaja, khitma ikasomwa. Hakuna siku aliyoniuliza tena habari ya kaseti ile, na mie nikaona hiyo ni rehema, nikaishi nayo. Nimeoa, nimezaa, nimefungua duka langu, nimekwenda Makka. Nimekwenda Makka na sikumwambia.

Mwaka huu mpishi aliamua kuziokoa kaseti za kaka. Nakala zilikuwa zimetawanyika, nyengine zimeota ukungu kwenye makabati ya watu. Akazikusanya zilizosalia, akazipeleka kwa mtu mwenye mitambo mjini akazitia kwenye simu. Alikuja Jumapili na spika yake ndogo, furaha haimkai. Akasema leo tunasikiliza zile za mwisho, na leo huendi kuswali wala huendi jikoni, umekaa nyumbani kwako. Wakacheka. Nikakaa.

Sikujua kuwa mama atatoka. Ana miaka themanini na ushei, magoti yanamsumbua, kwa kawaida hukaa chumbani kwake. Lakini sauti ya kaka ilipoanza mlango ukafunguka, akatoka na mkongojo, akakaa kwenye kiti cha karibu na spika. Wenzangu wakampa shikamoo wote, akawaitikia, "Marahaba, wanangu, endeleeni." Akakunja mikono mapajani. Mbio alizisikiliza zote, Mnazimmoja na Mkunazini na gia iliyobakia moja, na hapana hata mara moja aliyouliza kinachoendelea. Bwana Harusi alipovuka mstari fundi akapiga mapaja na mshoni akaanza kuzungumza.

Mama akanyanyua mkono. "Nyamazeni kidogo," akasema. "Sasa ndiyo zamu yangu."

Wakanyamaza. Spika ikasema tak, ule mlio wa kitufe changu cha miaka ile, na mara sauti ya kaka ikaanza katikati ya mbio nyengine, Chizi yuko mbele, Sokomuhogo, haya haya. Mama akabakia na mkono wake juu. Alingoja. Alingoja mpaka mbio zile nazo zikaisha na simu ikanyamaza yenyewe. Mpishi akasema kwa haya, "Bi mkubwa, nadhani kaseti ndiyo ilikuwa hivi." Mama akasema, "Aa." Nilitamani ardhi inimeze. Wenzangu wakaaga mapema, na hakuna aliyeniangalia usoni, au labda mie ndiye sikuwaangalia.

Mtu mwengine angekwenda kumwangukia mama yake miguuni siku ile ile. Mie nilikwenda kuongeza jengine. Zamani, mie na kaka tukipiga hodi watu walikuwa wakituchanganya, sauti zetu zilikuwa moja. Na yangu haijabadilika sana. Siku mbili baadaye, mchana, nikafunga duka, nikaingia stoo, nikaitoa ile redio ya zamani, nikaitafutia kaseti. Nikawasha feni karibu yangu kwa kuwa kwenye kaseti za kaka kulikuwa na mashine ya baridi inavuma. Nikajitia kupumua, nikanywa maji. Nikasema, shikamoo mama. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kajifungia na maboksi ya balbu, anaigiza marehemu. Nilirudia mara nyingi. Mwisho nikasema, mama, nimekukosea, niwie radhi, na hapo sauti ilitoka vizuri sana bila ya kuigiza. Nikalia mpaka nikaogopa wapita njia watasikia. Kisha nikasikiliza kama imerikodi sawa.

Asubuhi ya pili, baada ya chai, mama alikuwa ukumbini anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kuna kaseti imepatikana kwa fundi Mwanakwerekwe, ilijificha huko, ina salamu. Uongo uliteleza bila ya kukwama. Akasema, "Weka."

Nikaweka. Ikasema shikamoo mama, na mama hakuitikia. Zamani alikuwa akiitikia kabla haijamalizika. Ikasema afya yangu njema, nimekula samaki, na mikono yake iliendelea kwenye mchele. Ikasema nimekukosea, niwie radhi. Hapo akauweka ungo chini, akanyoosha kanga yake, akasema kwa sauti ya wazi, "Nimekuwia radhi. Duniani na akhera."

Nikashusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi, nikaona nimemaliza deni la watu wote wawili.

"Sasa zima hiyo," akasema, "tuzungumze mie na wewe."

Nikazima.

"Mie nimekuzaeni nyote wawili. Ulidhani sitakujua?"

Nikaitoa kaseti kwenye redio.

"Kaka'ko nilimwia radhi siku ile ile ilipopigwa simu," akasema. "Sikungoja aniombe. Hii niliyoitoa sasa ni yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyeiomba. Sikupokonyi. Nataka kitu kimoja tu, na unambie kweli."

"Naam, mama."

"Alisema nini?"

Nikamwangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama anavyokaa mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Mwanangu hakufunga kaseti hata moja bila ya kunitaja," akasema. "Uliponambia imemalizikia nilijua unanificha. Nikasema, huyu kaka yake kasema neno zito, kanitukana labda, na mdogo wake ameisikia akaona haya kunisikilizisha. Akaificha kwa kunihurumia. Sikukuuliza kwa sababu hiyo. Nimekuheshimu kwa hilo miaka yote. Lakini sasa nimezeeka, hakuna neno litakalonidhuru. Hata kama alinitukana, nambie. Nataka maneno yake tu."

Wallahi ningempa chochote mtu ambaye angeniambia neno moja tu la kaka, hata tusi, ili nimpe mama. Nikafikiri kumtungia. Hata pale, baada ya yote yale, nilifikiri kumtungia. Ulimi ulikuwa tayari.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia habari ya kitufe, na ya mbio mbili kwenye kaseti moja, na kuwa nilikwenda kula. Nikamwambia sijui alisema nini kwa sababu sikusikiliza.

"Hukusikiliza?"

"Sikusikiliza, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akauchukua ungo akauweka mapajani, akatoa kijiwe kimoja, akakitia kwenye kisahani, akatafuta chengine. Nilingoja anifukuze, na ningeona nafuu kufukuzwa.

"Mie siku zote nilijua," akasema, haniangalii, "kuwa yupo japo mtu mmoja aliyemsikia."